Siku Tuliyomzamisha Afrodita

Mpaka leo nikikumbuka nashika kichwa. Mimi, Rosine, mwimbaji wa kwaya, nilimbeba mungu wa Wagiriki kwa mikono yangu miwili nikamtia mtoni.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Jirani yangu Lalita, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mtu wa kwanza kunisalimu kwa Kiswahili nilipohamia mtaa wa Hodge Hill, hapa Birmingham, alinigongea mlango bila hata viatu.

"Mama Israël, kuja! Dipika ameleta balaa kwa nyumba!"

Dipika ni binti yake, anasomea uchongaji. Sebuleni kwao nilikuta sanamu ya plasta nyeupe, kimo cha mtoto wa miaka mitano: mwanamke asiye na nguo wala mikono. Nikacheka. Huyo namjua, yuko kwenye chupa za manukato na mabango ya saluni mji mzima. Dipika mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba ni Afrodita, mungu wa kike wa urembo, na kwa zaidi ya miaka elfu mbili watu hawajachoka kumchonga, kila kizazi kikimpa mwili wa mwanamke kinayemwona mzuri. Kesho yake angemwonyesha kwenye ghala moja la wasanii kule Digbeth, na walimu wangekuja kumpa alama za mwisho. Miaka mitatu ya masomo ilikuwa imesimama pale juu ya zulia.

"Unacheka nini? Angalia kifua," Lalita akasema.

Nikaangalia, kicheko kikakatika. Titi la kushoto halikuwepo. Mahali pake palikuwa bapa, na mstari ulioinuka kama ufa uliozibwa haraka haraka.

"Hii mungu imevunjika. Kwetu mungu ikivunjika haikai nyumbani, inaleta mkosi. Lazima tupeleke kwa maji yenye inatembea, na heshima."

"Lakini Mama Dipika, si iko ya masomo?"

"Atatengeneza ingine. Mkosi ikishika Dipika, mimi nitatengeneza Dipika mwingine?"

Ningekataa. Lakini alikuwa analia, na machozi ya mtu mzima huniondolea akili. Tukamfunga Afrodita kwa sari nyekundu, tukamlaza kwenye buti ya gari langu, tukateremka mpaka mto Cole, upande wa Shard End. Lalita akamwekea maua, akanong'ona sala zake. Mimi nikamwomba Yesu aangalie pembeni kidogo. Tukamsukuma. Akagonga jiwe, akapasuka vipande vipande, na maji yakawa meupe kama uji.

Tuliporudi, Dipika alikuwa amesimama sebuleni, anatazama zulia tupu. Mama yake akamweleza yote. Yule msichana hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliketi chini, akasema polepole kwa Kiingereza chake cha Birmingham kwamba sanamu haikuwa imevunjika. Aliichonga vile kwa makusudi.

"Ni wewe, Mum," akasema.

Kisha akanigeukia, akanieleza yote. Mwaka jana Lalita alilazwa hospitali, nasi mtaani akatuambia ni nyongo. Nilimpelekea supu, nikaamini. Kumbe ilikuwa saratani, walimkata titi! Na binti huyu ndiye aliyekuwa akimwogesha, akiliona kila siku kovu ambalo mama yake hataki kuliona hata yeye mwenyewe, mpaka Lalita aling'oa kioo cha bafuni. Dipika alipoambiwa na walimu amchonge mwanamke mzuri kuliko wote, hakumuwaza mwingine. Nasi tumemtupa kwa kuwa ni mbovu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Lalita alikwenda kwenye dirisha la barabarani, akavuta pazia. Kisha akaanza kufungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, mpaka kovu likawa wazi mbele yetu, refu, la zambarau.

"Plasta imebaki?" akamwuliza binti yake.

Dipika akaitikia kwa kichwa, machozi yanamdondoka.

"Basi anza. Na ile yako ulikosea. Yangu inafika mpaka kwapa."