Mafuta Mekundu

Anastasie alikuwa na mguu mmoja wa kazi na pikapu moja ya zamani, na bila kimoja kati ya hivyo viwili hakuwa na pa kwenda. Mguu wa kushoto uliliwa na polio angali akibebwa mgongoni. Ulibaki mwembamba, hauwezi kukanyaga kitu kikakubali. Ndiyo maana mumewe, Nicolas, alipotafuta gari, aliyapita magari yote mazuri ya mji wa Baraka, akahangaika miezi minane mpaka akapata pikapu yenye bwate otomatike, yaani sanduku la gia linalojibadilisha lenyewe. Gari la namna hiyo halina ambreyaji, ile pedali ya klachi, na mguu wa kushoto haliudai kitu. Wanaume walicheka, wakasema Nicolas kanunua gari la wavivu. Yeye akamweka mkewe kwenye usukani, akamfundisha katika uwanja wa mpira wa Lweba mpaka akajua.

Homa ilipomchukua Nicolas, Anastasie aliendelea peke yake. Alibeba mawese kutoka Lweba hadi Baraka, na kutoka Baraka akapanda nayo milima hadi Fizi, dirisha wazi, mkono kwenye honi. Sokoni aliburuza mguu na watoto wakamwiga nyuma yake. Kwenye usukani hakuna aliyejua mguu wake ukoje. Alipenda kuendesha, tena alijivuna, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Basi mwezi wa tano bwate ikafa. Injini ilinguruma, gari likakaa pale pale.

Fundi wa bwate Baraka nzima alikuwa mmoja, Casimir, mdogo wake Nicolas, mwenye garaji nyuma ya soko. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: kazi aliijua. Ila tangu siku ya matanga jicho lake lilikuwa kwenye ile pikapu, na watu waliliona. Alilala chini ya gari kidogo, akatoka, akatangaza kwamba bwate kama ile haipatikani tena. Dawa ni kuweka ya mkono, na kwa kuwa shemeji hawezi kukanyaga ambreyaji, yeye mwenyewe atakuwa dereva wake. Anastasie akakataa. Casimir akasema sawa, basi ampe namba ya bwate ili watu waitafute. Alijua kibati cha namba kilikwisha kusuguliwa na mawe ya barabara zamani.

Anastasie hakubishana. Aliomba tu afunguliwe karteri, lile sinia la chuma linalokaa chini ya bwate na kushika mafuta. Akalilaza juu ya katoni ya sabuni, akapitisha kalamu ukingoni mwake, akatoboa tundu kila palipokuwa na boliti. Matundu yakawa kumi na tisa, na kona moja imekatwa. Nicolas alimfundisha hilo: bwate inaweza kupoteza namba, umbo la sinia lake haiwezi kulipoteza. Katoni akampa Swedi, dereva wa lori la samaki, aende nayo Uvira kwenye uwanja wa magari mabovu, apime moja moja.

Casimir alicheka siku kumi na nne. Siku ya kumi na tano lori la Swedi likarudi kwa njia ya Swima na Mboko, na nyuma yake bwate imefungwa kwa kamba za nyavu. Wanaume wa garaji wakakusanyika. Casimir akaweka katoni juu ya karteri ya bwate ile, akahesabu matundu, akahesabu tena akitumaini amekosea. Kumi na tisa, na kona ni ile ile. Akahesabu meno ya mhimili wa nyuma, nayo yakalingana. Kwa kuwa watu walikuwa wakitazama, akaanza kazi.

Na kazi aliifanya vizuri, hilo ndilo linalonikera hadi leo. Kati ya injini na bwate kuna ringi zito linalojazwa mafuta; lazima lizame mahali pake mara tatu, na fundi asiye na subira hulifunga likiwa limezama mara mbili tu, akavunja kila kitu. Casimir alilizungusha taratibu mpaka likazama mara tatu, akamwita shemeji yake asikie mlio wa mwisho. Anastasie alisikia. Akajilaumu kwa mabaya yote aliyowahi kumfikiria, akamletea ugali wa muhogo na samaki.

Yakabaki mafuta. Casimir alijipangusa mikono, akasema bwate ni tupu, inataka lita nane za mafuta mekundu, na kwake hakuna.

Sasa, mafuta ya bwate otomatike ni mekundu kweli, na mafundi huyaita hivyo. Lakini Baraka nzima, mtoto ukimtuma mafuta mekundu, atakuletea mawese. Anastasie alikuwa ameuza mawese tangu usichana wake. Ya bwate aliyaona mara chache tu kwenye kijiti cha kupimia, Nicolas alipokuwa akikipangusa kwa kitambaa, na aliona ni mekundu. Kuuliza si ujinga, naye akauliza.

"Mafuta nyekundu gani, Casimir? Ni hii yetu ya mawese?"

Casimir akawatazama wenzake. Walikuwa sita pale, pamoja na Haruna wa kwado, mzee anayeziba matairi mlangoni. Hakuna aliyesema kitu.

"Nyekundu ni nyekundu, shemeki," akasema. "Leta tu ile iko safi."

Akaenda kuleta. Alichagua mawese ya mkamuo wa kwanza, yale aliyokuwa akiwawekea wateja wake wa Fizi, akayapasha moto yawe mepesi, akayachuja mara tatu kwa kitambaa chake cha kanisani. Casimir aliyapokea kwa mikono miwili, akayamimina mwenyewe kwa mrija, polepole, bila kumwaga tone. Mmoja wa wale wanaume alitoka nje akikohoa. Anastasie alidhani ni vumbi.

Pikapu ikatembea. Ilizunguka soko mara mbili, bwate ikishika gia vizuri, na Anastasie akalia huku akipiga honi. Watu wakapiga makofi, na wale sita wa garaji nao wakapiga.

Kesho yake alipakia mabidoni, madumu ya mawese, akashika njia ya Fizi na binti yake Divine pembeni. Mpaka darajani hakukuwa na neno. Mlima ulipoanza, injini ikapaza sauti na gari likapunguza mwendo. Kisha ikaja harufu ya samaki wanaokaangwa. Anastasie akatazama huku na huku aone ni nyumba ya nani, na nyumba haikuwapo. Moshi ukapanda kati ya miguu yake, gari likasimama, na chini yake barabarani yakadondoka mafuta meusi yenye nyuzinyuzi.

Lori lilimvuta hadi garajini mbele ya soko zima, na Baraka haijapata kucheka vile. "Mama Divine," kijana mmoja alimwita, "leta samaki ya mikeke, mafuta imeshapata moto." Wakacheka upya. Casimir peke yake hakucheka. Alifungua bwate hadharani, akatoa sahani zake moja moja, zote zimeungua, akazipanga kwenye turubai. Akasema kwa upole kwamba yeye aliomba mafuta mekundu na kila mtu alisikia. Kama shemeji amekaanga gari lake mwenyewe, afanyeje?

Anastasie akamtazama Haruna wa kwado. Haruna akainamia tairi. Ndipo akamgeukia Casimir, akamuuliza kama alijua.

"Tulijua bote," Casimir akajibu. "Ni we peke hukujua."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki kilikula mchana, kimezungukwa na mashahidi. Casimir akafunua turubai jingine nyuma ya garaji. Chini yake kulikuwa na bwate ya mkono, imeoshwa, imepakwa mafuta, na pedali ya ambreyaji imefungwa pembeni kwa uzi. Ilikuwa imekaa hapo tangu siku gari lilipokufa.

Anastasie alikataa wiki tatu. Katika wiki hizo mawese yalichacha nyumbani, wateja wa Fizi wakapata mtu mwingine, na Divine akaacha kuuliza watapika nini. Mwishowe akakubali. Siku pedali ilipofungwa aliomba ajaribu. Aliuinua mguu wa kushoto kwa mikono yote miwili, akauweka juu ya pedali, akalisukuma goti chini kwa nguvu zake zote. Pedali haikushuka hata kidogo. Wale sita walitazama mpaka akashuka mwenyewe.

Ijumaa Casimir alikuja Lweba na pikapu kubeba mawese. Mbele, karibu naye, walikaa Gentille, mchumba wake, na mama yake Gentille. Anastasie alijikongoja hadi mlango wa abiria, akaushika.

"Shemeki, panda nyuma," Casimir alisema. "Huku mbele niko na bantu."

Hakuweza kupanda. Wanaume wawili walimshika kwapani, wakamwinua, wakamketisha kati ya mabidoni yaliyofungwa kamba. Mmoja wao akamuuliza Casimir kama wamfunge kamba na yeye, asije akaanguka.