Tundu la Umbo la Tatu

Jirani yetu, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, anadai mwalimu wa kemia alimfelisha bintiye makusudi. Eti ana kinyongo naye tangu binti alipomkosoa mbele ya darasa, ndiyo maana akamkata alama mbili za mtihani wa vitendo. Kwa hizo mbili amekosa nafasi ya kuendelea na masomo.

"Wenzake wameandika majina manne waliyokariri," alisema bombani, akipunga karatasi. "Mwanangu kaangalia kwa macho yake, kaandika umbo la kwanza na la tatu ni kitu kimoja. Kapewa yai!"

"Labda lilikuwa la kuchemsha," mmoja akatania. Watu wakacheka.

Mimi nilikinga ndoo yangu. Mimi ndiye mfagizi wa maabara ya shule yao.

Asubuhi ya mtihani nilikuwa napangusa meza. Juu yake palikuwa na maumbo manne ya vijiti na mipira midogo, yenye namba, ili wanafunzi waandike jina la kila moja. Mwalimu huyaita butili. Kwa hesabu yote ni sawa: mipira minne myeusi, ndiyo kaboni, tisa myeupe, ndiyo hidrojeni, na tundu moja tupu la kuunganishia kitu kingine. Kitambaa kikanasa la tatu, likaanguka, likasambaratika. Niliokota, nikahesabu: minne, tisa. Nikapanga myeusi safu moja, tundu nikaliacha mwishoni. Hesabu ilitimia, nikaenda kudeki korido.

Baada ya maneno ya bombani nilifungua kabati la maabara, nikaweka la kwanza na la tatu bega kwa bega. Pacha.

Nilimsubiri mwalimu mpaka kipindi kikaisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sabuni imeisha tena?"

"Hapana." Nikamwonyesha, nikamweleza yote.

Aliyageuza mkononi. "Tundu la hili la tatu lilikuwa kwenye mpira mweusi wa pili; ndiyo tofauti yake na la kwanza. Mimi nilisahihisha kwa orodha yangu, sikutazama meza." Akanitazama. "Ofisi wakijua, kazi huna. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Naomba umsahihishie upya yule binti."

Alichomoa mpira mmoja mweupe kwenye kaboni ya pili, akazibia tundu la mwishoni. Umbo la tatu likarudi lilivyokuwa. Akalipanga na wenzake kabatini, akageuza ufunguo, akaanza kufuta ubao, kazi ambayo siku zote ni yangu.

"Mwalimu," nikasema, "umsahihishie upya."

"Kabatini yote yako sawa; alama zinabaki," akasema, akaendelea kufuta.