Fidla Iliyojifanya Mama

Biubwa alishatamba mbele ya ukoo mzima kwamba Jumapili, kwenye harusi, ataimba wimbo wa marehemu mama yake. Tatizo lilikuwa dogo tu: hakuujua. Maneno alikuwa nayo, lakini mahadhi yalibaki kwenye kaseti moja, na humo mama kazingirwa na fidla, ganuni na ngoma kama mwali katikati ya makungwi.

Dada yake mkubwa, Wahida, mama wa bibi harusi, hakumung'unya maneno. "Usipouweza, naweka wimbo wa kwenye simu. Sichekwi na wakwe wa Pangani mimi."

Biubwa akaenda mtaa wa Dunda kwa Mikdad, mpiga video za harusi, mwenye kompyuta ya kumchambua mwimbaji kutoka kwenye vyombo. Wimbo ukaingizwa, na kiooni ukajichora mstari mwekundu, ukipanda na kushuka kufuata sauti.

"Huyo ndiye mama, Bi Biubwa. Mfuate tu."

Akatiliwa mstari kwenye simu, akamfuata siku mbili, huku akikaanga vitumbua. Ubeti wa pili mstari ulipaa, naye akapaa nao, hata jirani akaja mbio kuuliza nani kaungua na mafuta.

Alhamisi akarudi, sauti imemkauka. "Mwanangu, mstari ukianza kupaa, bana pumzi. Na mimi nabana."

Wakabana. Mstari ukapaa, ukaenda, ukaenda. Mikdad akatoa macho, akaachia akikohoa. Mstari bado unakwenda.

"Mama yangu alikuwa mtu," Biubwa akasema, "si bomba la maji. Hapo keshanyamaza zamani, anatunzwa noti. Hiyo ni fidla inamjibu!"

Mikdad akajikuna kichwa. "Mashine inashika sauti inayotamba, Bi. Mama kanyamaza, ikadandia fidla."

Wakaanza upya, kwa masikio. Kila mama alipovuta pumzi waliweka alama. Kilichofuata bila neno, wakafuta. Mstari uliobaki ulikuwa wa chini, mfupi mfupi, karibu umelala.

Wahida alipomsikia Biubwa akiimba hivyo, akaruka. "Huyo si mama! Mama akipanda, makuti yanatikisika!"

"Mama alikuwa akipumua, dada."

"Haya. Ukiniaibisha, nakuzimia kipaza sauti."

Jumapili Biubwa akaimba hivyo hivyo, chini, bila mbwembwe. Wahida kakaa mbele, kauma midomo. Ubeti wa pili pumzi ikaisha, Biubwa akanyamaza. Mpiga fidla wa bendi ya harusi akaidaka sauti pale pale ilipoachwa, akapaa nayo, na hakuna aliyejua mmoja kaishia wapi na mwenzake kaanzia wapi.

Wahida akainuka na noti ya kumtunza, akafika mbele ya mdogo wake, akasahau kuitoa.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" Biubwa akamnong'oneza. "Wakwe wanaangalia."

"Waangalie," Wahida akasema, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Rudia ubeti."