Picha Zilizofunguka Mbele ya Wazee

Siku wazee wa kanisa walipokuja nyumbani kwake Likombe, mjini Mtwara, kuangalia ramani ya kanisa jipya, Danieli aliwasha kompyuta ya sebuleni akiwa na furaha. Alikuwa karani bandarini na mzee mwenzao, na ramani ilikuwa kwenye barua pepe yake. Alipofungua intaneti, ukatokea ukurasa ambao hakuna aliyeuomba: matangazo ya kamari, na chini yake wanawake walio uchi. Akaufunga. Ukafunguka mwingine, mbaya zaidi. Mzee Anold akageuza uso ukutani.

"Ni huyu shemeji yangu," Danieli akasema. "Ndiye anayeshinda kwenye hii kompyuta."

Doris alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai.

Alikuwa mdogo wake Agnes, mke wa Danieli. Alikuja kutoka Njombe baada ya kumaliza kidato cha sita, na kompyuta ile aliitumia kutafuta nafasi ya kusomea uuguzi. Alikana. Alieleza kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa ikimpeleka asikotaka, anatafuta chuo inamtupa kwenye kamari, na kwamba alishamwambia shemeji yake zaidi ya mara moja. Danieli akasema hakuwahi kuambiwa kitu. Wote wakamtazama Agnes. Agnes alimwamini mumewe, au tuseme aliona ni rahisi kumwamini wakati wageni wamekaa pale. Akamwambia mdogo wake aweke chai mezani, aende jikoni.

Habari ziliifikia kwaya aliyokuwa akiimba Doris kabla ya Jumapili. Doris akaambiwa apumzike kuimba kwanza. Wasichana aliozoea kwenda nao sokoni wakawa kila siku wana shughuli nyingine. Mwisho akafunga begi lake, akapanda basi la kurudi kwao. Agnes alimsindikiza mpaka stendi.

Doris akaondoka, picha zikabaki.

Agnes alizikuta Jumamosi moja, Danieli akiwa kazini, alipotaka kuandaa mtihani wa wanafunzi wake wa sekondari. Alitafuta habari za mito ya Tanzania, ikaja kamari. Kisha akachukua simu, akaanza kusoma namna watu wanavyoondoa kitu cha namna ile.

Alirudisha ukurasa wa mwanzo kama ulivyokuwa. Alipozima na kuwasha tena, wa kamari ukawa umerudi. Aliona kwamba kwenye programu yao ya kufungulia intaneti kulikuwa na kijiprogramu cha kutafutia ambacho hakukijua, akakifuta. Nacho kikarudi. Maelezo yalisema kitu kinachorudi hivyo kina mwenzake anayekirudisha, aliyeingia kwa kujificha ndani ya programu ya bure. Akapitia programu za kompyuta moja baada ya nyingine. Iliyokuwa ngeni ilikuwa moja tu, ya kutazamia mpira bila kulipia. Danieli ndiye aliyeiweka, na alikuwa akijisifu nayo kwa majirani. Agnes akaiondoa, akafuta tena kile kijiprogramu, akazima, akawasha. Ukurasa ukafunguka mweupe, safi. Akajaribu tena na tena, akitamani kidogo picha zirudi, ili isiwe kwamba mdogo wake alisema kweli. Hazikurudi.

Danieli aliporudi, Agnes alimweleza yote. Danieli alisikiliza huku akivua viatu.

"Sasa mimi ningejuaje?" akasema. "Nilipoiweka nilikubali masharti kama watu wote wanavyokubali."

Agnes alimwomba aende kwa wazee, aseme kwamba Doris hana kosa, kama alivyomshtaki siku ile, mbele ya watu walewale. Danieli akajibu kwamba kompyuta imepona, binti yuko kwao salama, na kuanza kuyarudia ni kutafuta maneno tu.

Agnes akaenda mwenyewe kwa Mzee Anold. Mzee alimkaribisha vizuri, akamsikiliza, akamtuliza kwa sauti ya upole.

"Mwalimu, usihangaike. Yule binti tulishamwombea. Tulishamsamehe."

"Mlimsamehe nini, mzee?"

Mzee Anold akasema mambo ya kompyuta yeye hayaelewi, na suala lenyewe lilishafungwa kikaoni.

Jioni ile Agnes akampigia Doris. Muda wa kuomba vyuo ulikuwa umepita, na Doris alikuwa ameanza vibarua vya kuchuma chai. Agnes alimweleza kuhusu programu ya mpira, alivyoiondoa, alivyokwenda kwa mzee. Akamwomba msamaha, akamwomba arudi. Doris hakumkatiza mpaka alipomaliza.

"Dada," akasema, "shemeji hanijui, simlaumu sana. Wewe ulinibeba mgongoni. Ulihitaji kompyuta ikwambie?"

Agnes akaanza kuomba msamaha upya. Doris akasema mama anamwita, akaaga kwa adabu kama siku zote, akakata simu.

Tangu hapo akipigiwa hupokea, husalimia, huuliza hali ya shemeji. Kuhusu kurudi Mtwara hasemi kitu.