Hafu wa Bwana Kiko

Bwana Kiko hakuwa mtu wa kelele. Angekuwa wa kelele, wafanyakazi wake wangemzoea. Yeye alinyonya kiko chake, akakutazama, akatoa maneno mawili matatu ya Kiswahili chake cha kizungu, basi, mambo yako yamekwisha kupangwa. Ndivyo alivyomwambia Absalom asubuhi moja ya Novemba, mwaka wa 1937, mbele ya ghala la mahindi kule Saboti. Alitaka hafu, mchezaji wa katikati wa timu ya mpira. Timu ya shamba ilikuwa imefungwa na timu ya mzungu jirani Krismasi mbili mfululizo, na huyo jirani hakumpa nafasi ya kupumua kila walipokutana klabuni Kitale. Absalom akipata hafu wa maana, atatiwa sahihi kwenye kipande chake aende nyumbani. Asipopata, atakaa.

Wewe uliyezaliwa juzi huenda hujui kipande. Ilikuwa karatasi ndani ya mkebe, unaivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Mzungu aliandika siku uliyoanza kazi, na siku ya kuondoka lazima aweke sahihi yake. Bila sahihi wewe ni mtoro, na mtoro alishikwa, akafungwa, kisha akarudishwa kwa bwana yuleyule akamalizie. Absalom alikuwa amekuja Saboti kwa miezi sita tu, na alikuja kwa sababu ya miguu yake. Alikuwa winga ambaye mabeki wa Bungoma nzima walimwota usiku. Kabla miezi sita haijaisha, goti likavunjwa kwenye mechi.

Ungedhani winga kiwete atafukuzwa aende zake. Wapi! Bwana Kiko aligundua kwamba jamaa ana macho. Akimtazama mchezaji mara moja, anakwambia atachoka saa ngapi na ataogopa nini. Kwa hiyo akamweka awe mchaguzi wake, na kila Absalom alipoomba sahihi aliambiwa bado kidogo. Hiyo bado kidogo ilikuwa imekula miaka saba.

Safari hii, basi, alipewa barua ya ruhusa ya siku chache, akateremka kwa miguu hadi Chwele, kwao. Alilala usiku mmoja tu. Nasimiyu, mkewe, alimkandia goti kwa maji ya moto wala hakumuuliza atarudi lini, maana alishachoka na jibu lake. Binti yao Lenah alimkimbia, akajificha nyuma ya mama yake, akauliza mgeni huyu anaondoka saa ngapi. Absalom alicheka na watu wote wakacheka. Alfajiri alishika njia ya Kibabii roho ikimuuma sana, akiapa moyoni kwamba hata kama hafu mwenyewe atakuwa mtoto wa mfalme, safari hii atambeba.

Nje kidogo ya Kibabii palikuwa na chuo cha walimu, na sifa za hafu wa chuo hicho, kijana aitwaye Mukhisa, zilikuwa zimefika hadi Kitale. Jumamosi hiyo walicheza na timu ya wafanyabiashara wa Bungoma. Absalom alisimama kando ya uwanja, akakunja mikono, akaanza kazi yake.

Mwanzoni alivunjika moyo. Kijana alikuwa mrefu, mabega mapana, lakini alichelewa kuanza mbio, na mguu wa kushoto ulikuwa wa kusimamia tu. Mpira haukumfikia mara nyingi. Watu walimshangilia winga wao, kijana mwepesi aliyepita kama hakuna mtu. Kisha Absalom akaacha kuutazama mpira, akamtazama Mukhisa peke yake, na hapo ndipo alipoona. Kila winga alipopita, Mukhisa alikuwa ameshatangulia, ameweka bega lake mbele ya beki, amemziba bila kumsukuma, refa hana la kusema. Njia ilikuwa wazi kwa sababu yeye alikuwa ameifungua. Na walipobanwa, mpira ulipokosa pa kwenda, alikuwepo, akaupokea kwa kifua, akaulaza chini, akampa mtu. Mchezaji wa kazi mbili, anayeumia ili mwingine asifiwe, halafu hanuni! Absalom alikuwa ametafuta mtu wa namna hiyo miaka yote saba. Alijisikia furaha kabisa, mwili mzima. Nyumbani kulikuwa karibu.

Akiwa katika furaha hiyo, mwanamke akaja akasimama karibu naye. Alikuwa Peris, mjane wa hukohuko Chwele, aliyeleta njugu kuuza sokoni Bungoma akapitia chuoni. Mukhisa ni mwanawe. Alimsalimu Absalom, akauliza hali ya goti, kisha akasema alilokuja kusema. Mwanawe mkubwa alikwenda mashamba ya wazungu, hajarudi, na hakuna anayejua yuko wapi. Huyu ndiye aliyebaki. Akimaliza chuo atakuwa mwalimu, atafundisha karibu, atakula kwake. Alimwomba Baba Lenah asimchukue.

Absalom alikasirika, kwa sababu alikuwa amekwisha kupanga. Akamwambia ukweli wote, apate kuona kwamba si yeye peke yake mwenye shida.

"Mama Mukhisa, nikimpeleka, mimi narudi kwangu. Nisipompeleka, nakaa hukohuko. Ndiyo bei."

Hakulia, hakumshika mkono, hakupiga magoti. Alisema tu kwamba kama ni hivyo basi hana la kuomba, kwa maana Nasimiyu naye ni mtu. Akajitwika kikapu chake, akaenda.

Afadhali angelia! Mtu akilia mbele yako unaweza kumwona msumbufu, ukampita. Absalom alibaki pale, mechi ikaisha, watu wakatawanyika, na alipomwona kijana anakuja anafuta jasho akitabasamu, akajua hataweza. Alimchukia Peris kwa hilo, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Mukhisa alikuja na wenzake wa rika lake, wale waliotahiriwa pamoja naye Agosti ya mwaka uliopita. Aliuliza kama amefaa. Alikuwa amesikia kwamba kule Saboti wachezaji hupewa viatu vya mpira na nyama kila wiki. Absalom akasema hafai. Kijana akauliza kasoro ni nini, arekebishe. Absalom akataja mguu wa kushoto. Kijana akasema mguu unafundishika, na kwamba yuko tayari hata kesho. Alikuwa ameshafika Saboti kichwani mwake. Basi Absalom akatafuta neno zito la kuufunga mlango kabisa, akalipata.

"Wewe bado mtoto. Rudi kwa mama yako."

Mbele ya rika lake! Mbukusu aliyesimama mbele ya kisu hakupepesa jicho, umwite mtoto wenzake wakisikia? Wale vijana walitazamana. Mukhisa uso ukamkauka, akageuka akaenda zake, na Absalom akadhani kazi imekwisha. Huyu ndiye mtu mwenye macho, jamani. Alishinda mchana kutwa akimpima kijana, nguvu yake na udhaifu wake, na lile moja ambalo yeye mwenyewe alilijua tangu ujana wake likampita.

Alirudi Saboti akamwambia Bwana Kiko kwamba sifa za hafu wa Kibabii ni maneno ya watu. Ana nguvu, lakini hana mpira. Bwana Kiko alinyonya kiko chake, akasema atafute mwingine. Siku zile Absalom alifanya kazi kama mtu aliyefungwa kamba mguuni, kila upande alioutazama ni mahindi, na juu ya mahindi ule mlima Elgon. Lakini usiku alipata usingizi.

Jumamosi iliyofuata timu ya shamba ilikuwa mazoezini, Bwana Kiko mwenyewe ameketi kwenye lori lake, Mukhisa akatokea kwa njia ya Kitale, vumbi hadi nyusi. Absalom alimkimbilia na goti lake bovu, akamvuta kando, akamweleza kwa Kibukusu, haraka haraka, kila kitu. Ukitiwa jina hapa hutoki. Mimi nilikudanganya, wewe ni hafu bora niliyepata kumwona, ndiyo maana nakwambia rudi chuoni sasa hivi kabla hajauliza wewe ni nani.

Mukhisa alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Mzee, mambo hayo huwezi kumwambia mtoto. Ngoja kwanza uone kama mimi ni mwanaume, halafu utaniambia."

Akavua shati, akaingia uwanjani.

Sina haja ya kukusimulia alivyocheza. Lori lilizimwa injini. Mechi ya mazoezi ilipokwisha, Bwana Kiko aliteremka, akamwuliza kijana anatoka wapi na amefuata nini. Mukhisa, akihema, akasema waziwazi kwamba mzee huyu alimtukana mbele ya watu, naye amekuja kufuta tusi. Absalom alisubiri sasa dhoruba imwangukie. Badala yake Bwana Kiko alitoa kiko mdomoni akacheka, jambo ambalo watu wa shamba hilo hawakulizoea.

"Absalom, wewe iko akili mingi sana. Tukana yeye kidogo, yeye nakuja mwenyewe, kama ng'ombe nafuata chumvi."

Na wote wakacheka. Mukhisa pia alicheka, akampiga Absalom begani, akasema kumbe mzee alimchokoza makusudi. Karani akaitwa. Jina la Mukhisa likaandikwa, dole likawekwa kwenye wino. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake, Bwana Kiko akanyoosha mkono aombe kipande cha Absalom.

Absalom angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni: sikumwita, nilimfukuza, nilikudanganya. Lakini akisema hivyo sahihi imekwenda, na kijana hafunguliwi, dole lake bado linanuka wino. Akavua mkebe shingoni, akautoa. Kalamu ikapita. Asubuhi yake akafunga vitu vyake akaondoka kabla ya kengele ya kazi.

Chwele walimpokea kwa vigelegele. Nasimiyu alikimbia barabarani, mikono bado ina unga. Majirani walijaa uani, wakimshika mkono, wakimwuliza kama ni moja kwa moja, naye akijibu ni moja kwa moja. Alikuwa hajaketi Peris alipoingia.

Watu walimpisha. Alimsalimu Nasimiyu kwanza, akampongeza kweli, kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Absalom, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, mtu mzima, aliyerudi. Absalom akaanza kueleza. Alimwambia alivyokataa, alivyomtukana kijana ili abaki, kijana alivyokuja mwenyewe, na alivyozidi kueleza ndivyo hata yeye mwenyewe alivyosikia ni maneno ya mwongo. Peris hakubishana naye.

"Saboti kuna baridi," akasema. "Hukumwachia hata blanketi?"

Blanketi Absalom alikuwa nalo begani.