Nakala Mbili za Kijitabu cha Shangazi

Nimekuwa mkutubi kwa miaka kumi na tisa, na sikumbuki siku niliyochanganyikiwa kama Jumanne ile.

Shangazi yangu, mkunga mstaafu, aliingia maktabani akitweta. Chuo cha ukunga kilitaka kuchapisha upya kijitabu cha visa vya uzazi alichoandika ujanani, na nakala yake mwenyewe iliazimwa isirudi.

"Nyie mnacho," akasema. "Nilikileta kwa mkono wangu."

Rafuni hakikuwepo. Sikushtuka. Tangu mfumo mmoja wa kompyuta utuunganishe na maktaba ya chuo jirani, tunapunguza vitabu: wenzetu wakiwa na kitabu fulani, sisi tunaondoa chetu, kinakwenda kiwandani kusagwa. Hiki nacho nilikuwa nimeshakibofyia "Ondoa" kwa mbwembwe, nikijiona wa kisasa kweli kweli.

"Kiko kwa jirani, Shangazi. Nakiagiza sasa hivi."

Nikabofya "Omba". Dakika tano baadaye printa yetu ikatema karatasi: maktaba ya jirani inaomba kijitabu hicho hicho, kutoka kwetu. Nikaisoma mara tatu. Nani anamwomba nani? Nikabofya tena. Ikatoka karatasi nyingine.

"Mbona unajiandikia barua?" Shangazi akauliza.

Kichwa kilianza kuniwanga. Nikampigia mkutubi mwenzangu wa kule.

"Dada, sisi chetu tumekiondoa," akasema. "Mfumo ulionyesha mnacho nyie. Ndiyo maana maombi yako nayarudisha kwenu."

"Mlikiondoa lini?"

"Tarehe nane."

Nikafungua orodha yetu ya vilivyoondolewa. Na sisi tarehe nane. Taarifa za kuondoa vitabu huingia kwenye mfumo mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo siku ile kila mmoja alimtegemea mwenzake. Lori la kiwanda lilishapita kote kuwili wiki iliyopita. Na skrini, bila haya, bado inasema: nakala mbili, zinapatikana.

"Sasa kiko wapi?" Shangazi akauliza. "Kwako au kwao?"

"Hakipo popote, Shangazi. Nimekiondoa mimi. Nisamehe."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena. Nilitamani anigombeze.

"Ulikisoma kwanza?"

"Sikukisoma."

"Humo ndimo nilimoandika ulivyozaliwa," akasema taratibu. "Marehemu mama yako aliniapisha nisikusimulie kwa mdomo."