Pengo Kati ya Mwakanyamale na Njelekela

Jana usiku nililala na makala yangu chini ya mto, nikaota imeamka kabla yangu na iko mezani inakunywa chai.

Imevaa tai. Naiuliza inakwenda wapi.

"Kwa mhariri," inajibu. "Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea kazi. Wewe lala tu."

Nitalalaje? Huu ni mwaka wa kumi na moja nafundisha hisabati darasa la nne, na jina langu halijawahi kuchapwa popote isipokuwa kwenye ratiba ya zamu. Makala hii ndiyo ingenitoa. Nikaifuata bila viatu.

Ofisi ya jarida la walimu ilikuwa ndani ya kabati la vitabu la shule yetu. Mhariri alikuwa kifutio cha ubao. Kila akikohoa, mstari wa makala ya mtu fulani unafutika, naye anaomba radhi kwa adabu.

"Maneno yasizidi elfu tatu," anasema.

Maneno yangu yanapita mlangoni moja moja, yanahesabiwa. Yanatimia elfu tatu, na sita bado yako nje. Neno "aidha" linaniuliza kama linaweza kurudi nyumbani. Naliruhusu. Linaondoka likipiga mluzi, na yale matano mengine nyuma yake.

"Sasa vyanzo," anasema Kifutio. "Vipangwe kwa alfabeti."

Mara tuko mstarini, asubuhi, mbele ya bendera. Vitabu vyote nilivyovitaja vimejipanga foleni, vimenyoosha mikono mabegani. Foleni inakwenda vizuri hadi kwa Mwakanyamale, kitabu chembamba chenye wasiwasi. Kisha kuna pengo. Kisha Njelekela, mnene, mwenye jalada jekundu.

"Njelekela, sogea mbele."

"Siwezi, Mhariri. Hapa kuna mtu."

"Mbona simwoni?"

"Hata mimi simwoni. Lakini ananukia maharage."

Mimi nilimjua. Makala yangu inaeleza namna ya kumfanya mtoto akubali kwamba robo ni ndogo kuliko nusu, ingawa nne ni kubwa kuliko mbili. Ndani yake nimeandika "mbinu iliyobuniwa na mwandishi". Uongo mtupu. Mwandishi alifundisha wiki mbili, watoto wakamtolea macho. Aliyewafundisha ni mpishi wetu, siku nilipowaongoza kwenda kula huku nimekata tamaa. Aliinua upawa akawauliza, "Sufuria hii ya makande, mngependa mgawane wawili au wanne?" Darasa zima likajibu wawili, na kazi yangu ya wiki mbili ikaisha hapo hapo mlangoni mwa jiko.

Sikumtaja. Mwalimu mwenye shahada afundishwe kazi na mpishi? Wenzangu wangenicheka mpaka likizo.

"Mtaje, foleni isogee," anasema Kifutio. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Jina lake silijui. Miaka yote hiyo namwita Mama Jikoni, kama kila mtu pale shuleni. Niliona haya kuliko siku nilipokaguliwa bila andalio la somo.

Nikalikaribia pengo, nikaiuliza hewa, "Mama, samahani. Unaitwa nani?"

"Miaka kumi na moja, Mwalimu?" ikajibu hewa, wala haikukasirika. "Sekela Mwankenja."

Nikalitamka kwa sauti. Papo hapo akaonekana, upawa begani, mahali pake hasa kialfabeti. Njelekela alifurahi mno kuondokewa na fumbo, akapiga hatua mbele na kumkanyaga mguu. Kifutio akakohoa. Yakafutika maneno manne, "mbinu iliyobuniwa na mwandishi", yakaingia mawili ya jina lake. Nusu, kwa anayependa hesabu. Foleni ikaanza kwenda, vitabu vikaimba, makala yangu ikavua tai na kucheza mbele ya bendera. Nami nilicheza, na sijui kucheza.

Nikaamka nacheka. Nikaliandika lile jina haraka lisinipotee, ingawa nilijua ndoto hutunga majina ovyo.

Asubuhi nikapitia jikoni kabla ya kengele. Mama alikuwa anachochea kuni, ameketi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu."

"Mama, samahani. Jina lako kamili nani?"

Akanitazama kama mtoto aliyeulizwa swali la jana.

"Si nimeshakwambia? Sekela Mwankenja." Akaunyoosha mguu wake wa kulia, kidole gumba kimevimba. "Na yule mnene mwenye jalada jekundu, mwambie akiwa foleni aangalie anapokanyaga."